Meza ya Katuni: Barua Zenu Kuhusu Spider-Man Toleo la 1

Mwezi uliopita tulilipitia upya toleo la kwanza la The Amazing Spider-Man, na barua tulizoletewa karibu zote zimetoka Tanga. Kwa aliyelikosa: maandishi ni ya Stan Lee, michoro ni ya Steve Ditko, jalada lina tarehe ya Machi 1963 na bei ya senti 12 za Kimarekani. Ndani mna hadithi mbili. Katika ya kwanza, baba mkubwa wa Peter Parker, kijana ambaye ndiye Spider-Man, ameshauawa, kodi ya nyumba inadaiwa, mama mkubwa May anaweka vito vyake rehani, na Peter anajaribu kufanya maonyesho ili walau mkono uende kinywani. Analipwa hundi, benki inaikataa. Gazeti la J. Jonah Jameson linamchafua, yeye anamwokoa mwanaanga John, mtoto wa huyo huyo Jameson, na badala ya kumshukuru gazeti linataka akamatwe. Katika ya pili anakwenda kuomba kazi kwa Fantastic Four, kundi la mashujaa wanne, na kuikosa, halafu jasusi aitwaye Chameleon anaiba nyaraka za siri akiwa amevaa kama yeye.

Steringi wa sinema hupigwa na majambazi kwanza ndipo ashinde. Huyu kaanza kwa kupigwa na karani wa benki, na ndiyo maana tunampenda.

Karani wa benki alikosea?

*Wahariri, hamjambo? Nilikaa kaunta ya benki miaka mingi kabla ya kustaafu. Wajukuu zangu wanasema yule karani aliyeikataa hundi ya Spider-Man alikuwa na roho mbaya tu. Mimi naona kaonewa. Amueni. – Bibi wa Ngamiani, Barabara ya 8*

Shikamoo, bibi. Karani hana kosa hata chembe.

Hundi ni amri ya mwenye akaunti kwa benki yake: mlipe fulani kiasi fulani. Benki ikimlipa asiye fulani, inajitia kwenye hasara, na wa kwanza kuitwa ofisini kwa meneja ni karani. Sasa anakuja kijana aliyejifunika uso mpaka kidevu, hundi imeandikwa "Spider-Man", na anapodaiwa kitambulisho anaionyesha nguo aliyovaa. Karani anamwambia nguo kama hiyo yeyote anaweza kuivaa. Wajukuu wafungue hadithi ya pili katika toleo hilo hilo: Chameleon anaivaa nguo kama hiyo na kuiba nayo. Karani aliona kurasa kadhaa mapema jambo ambalo polisi wa New York walikuja kuliona kwa taabu.

Kosa ni la Peter mwenyewe, pale alipoipokea. Fedha taslimu mwenye ukumbi alizikataa kwa sababu alitaka kumbukumbu ya kodi, sawa. Lakini kijana angeomba hundi iandikwe ilipwe kwa mletaji, si kwa jina. Hundi ya namna hiyo isiyowekewa mistari miwili ya kuizuia hulipwa kwa anayeifikisha kaunta, na Peter angeifikisha akiwa na suruali na shati kama watu wengine. Njia ya pili, kusaini nyuma "Spider-Man" na kuihamishia kwa Peter Parker, ni mbaya kuliko kukosa hela: majina yote mawili yanabaki kwenye karatasi moja ndani ya faili la benki, na siri imekwisha.

Leo Tanga mambo yangekuwa magumu zaidi kwake. Akaunti inataka namba ya kitambulisho cha taifa, ya NIDA. Akisema basi alipwe kwa simu, tangu 2019 laini husajiliwa kwa alama za vidole, na mashine haisomi kidole kilicho ndani ya glovu. Akivua glovu, alama ni za Peter.

Angeweza kuruka Ngamiani?

*Kaka zangu, tubishane kidogo. Spider-Man angeweza kupita kuanzia Barabara ya 1 hadi ya 20 kwa utando wake bila kugusa chini? Mimi nasema ndiyo, rafiki yangu anasema angekula vumbi. – Kidato cha tatu, Tanga mjini*

Rafiki yako ameshinda, na hesabu yake ni hii.

Kubembea ni kuning'inia kwenye kamba iliyofungwa juu. Ukiwa chini kabisa ya bembea, mwili uko umbali wa urefu wote wa kamba kutoka pale ilipofungwa, na miguu inashuka karibu mita 2 chini ya mikono. Nyumba ya ghorofa moja ina kimo cha mita 7 hivi. Kwa hiyo utando hauwezi kuzidi mita 5, na hapo nyayo zinakwaruza lami. Lakini barabara yenyewe ina upana wa mita 10 au zaidi. Akisimama kwenye paa la upande huu na kunasa ukingo wa paa la upande ule kwa utando wa mita 10, kabla hajafika katikati ya bembea atakuwa ameshalala chini. Na hapo tumechagua nyumba ya ghorofa. Nyumba nyingi za Ngamiani ni za chini, na zimeezekwa bati.

Bati nalo ni tatizo la peke yake. Mtu akianza bembea kamba ikiwa imelala sawa na upeo wa macho, anapofika chini kamba inavutwa kwa nguvu mara 3 ya uzito wake. Kijana wa kilo 70 anakuwa kama mzigo wa kilo 210. Kamba mpya ya katani ya milimita 12 inabeba mzigo huo bila kulalamika, kwa hiyo mji uliojengwa na mkonge hauwezi kumlaumu kwa kukosa kamba. Kinachong'oka ni ukingo wa bati pamoja na misumari yake, na mwenye nyumba anatoka na mwiko mkononi.

Minazi ya ufukweni inafikia mita 20 na kuzidi, kimo kizuri, mradi anase shina chini ya kilele. Akinasa kuti anarudi nalo chini. Nguzo za umeme asizifikirie.

Jengo la Chrysler kule Manhattan lina mita 319 na Empire State lina 381, ndiyo maana kule anaonekana hodari. Lakini kwao Peter si Manhattan. Kwao ni Forest Hills, Queens, mtaa wa nyumba za chini zenye bustani. Hapo hana ujanja, anatembea kwa miguu kama sisi.

Jalada halina bei

*Ndugu wahariri, katika sanduku la marehemu babu kuna Spider-Man namba 1. Jalada ni lile lile la Spider-Man ndani ya kioo, ila bei haimo popote. Nimeambiwa ni mamilioni. Nianze kutafuta kiwanja? – Msomaji, Chumbageni*

Kiwanja kisubiri. Mwaka 1966 Golden Records walilichapa tena toleo hili na kuliuza pamoja na sahani ya santuri, na nakala zao hazikuwa na bei kwenye jalada. Huenda ndiyo uliyo nayo. Ina thamani yake, lakini si ile uliyoambiwa.

Nakala ya mwanzo ina senti 12. Zile zilizopelekwa Uingereza ziliandikwa peni 9, na hizo ni za mwanzo pia, zilichapwa wakati mmoja na nyingine. Pima ukubwa: sentimita 18 kwa 26 na nusu, hivi. Fungua katikati: karatasi iwe ya gazeti, imeungua rangi ya kahawia kwenye kingo kuliko katikati. Ikiwa ndani ni nyeupe na inateleza, ni chapa ya miaka ya karibuni. Kisha chukua lenzi ya fundi saa uangalie herufi nyeusi. Katika nakala ya zamani kingo za herufi ni weusi mtupu. Zikionekana zimejengwa kwa vidoti vidogo vidogo, mtu ameipiga picha nakala nyingine na kuichapa.

Usishangae ukisoma mahali kwamba lilitoka Desemba 1962. Tarehe ya jaladani ilitangulizwa makusudi kwa miezi miwili mitatu, ili muuza magazeti asiliondoe mapema kwenye meza akidhani limechacha.

Na hayo mamilioni uliyoambiwa huenda ni ya kitabu kingine. Septemba 2021 Amazing Fantasy namba 15, ya Agosti 1962, ambamo Spider-Man alionekana mara ya kwanza, iliuzwa dola milioni 3.6. Ilikuwa karibu haijaguswa, alama 9.6 kati ya 10. Iliyolala sandukuni Chumbageni masika sitini haifikii hapo.

Pini zimepiga kutu

*Wapendwa, tuna vitabu vya katuni vya zamani vya baba mkwe. Pini zimeota kutu, karatasi zinanuka, kuna vijidudu. Mume wangu anataka kuvipeleka laminesheni, watoto wameshaanza kupiga selotepu. Nisaidieni kabla sijachelewa. – Mama Mwanaidi, Raskazone*

Mama Mwanaidi, kwanza ficha selotepu. Gundi yake huzama kwenye karatasi, inageuka njano, kisha plastiki inabanduka na doa linabaki. Laminesheni ni mbaya zaidi kwa sababu hairudi: karatasi inapikwa kwa moto na kufungiwa na asidi yake ndani. Pasi pia hapana.

Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mti uliosagwa mzimamzima, na ile lignini ya mti inabaki ndani. Kwa mwanga, joto na hewa inazalisha asidi inayokata nyuzi, ndipo karatasi inakuwa kahawia na kukatika kama biskuti. Hilo hutokea popote duniani. Tanga inaongeza unyevu unaopita asilimia 70 siku nyingi, pamoja na chumvi ya bahari kwenye hewa, na hizo ndizo zinazokula pini.

Anza na wadudu. Tia kila kitabu kwenye mfuko wa plastiki wa zipu, kamua hewa, weka kwenye friza yenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukikitoa, usifungue mfuko mpaka siku nzima ipite. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanafungua kikiwa baridi, hewa ya nje inageuka matone juu ya karatasi, jalada linajikunja na kurasa zinashikana. Ukingoja, matone yanakaa nje ya mfuko. Umeme ukikatika hata friza ikayeyuka, anza kuhesabu upya.

Halafu pini. Ikiwa kutu ni vumbi la juu tu, iache pini mahali pake, kwa sababu mnunuzi makini huiangalia. Ikiwa imeshaanza kula karatasi, fungua kurasa za katikati, penyeza kipande chembamba cha plastiki ngumu chini ya kila mguu wa pini ili kisu kisiguse karatasi, inua miguu yote kwa kisu butu mpaka isimame, kisha geuza kitabu uitoe pini kwa kucha kutoka mgongoni. Anayeivuta kwa koleo kutoka nje huondoka na kipande cha jalada. Mahali pake pitisha uzi mweupe wa pamba kwenye matundu yale yale na ufunge fundo kwa ndani. Pini mpya ya ofisini itakuwa imeota kutu kabla ya masika ya pili.

Mifuko mizuri ni ya poliesta au polipropilini: migumu kidogo, inalia ukiikunja, haina harufu. Plastiki laini inayonuka kama kapeti mpya ni PVC, na hiyo hutoa asidi yake yenyewe. Kinachowekwa nyuma ya kitabu kiwe kadibodi isiyo na asidi. Boksi la biskuti litaacha doa lenye umbo lake.

Weka kabatini, mbali na ukuta wa nje, walau sentimita 30 kutoka sakafuni kwa ajili ya mchwa, na kamwe si darini chini ya bati. Vijifuko vya silika vinavyokuja na viatu vinasaidia kama havijashiba unyevu, na vingi vinakufikia vikiwa vimeshiba. Watu hushauri mchele badala yake. Mchele unaleta fukusi. Vidonge vyeupe vya kabatini navyo uviache: harufu inaingia kwenye karatasi na mtasoma Spider-Man mnalia machozi.

Kurasa zilizochanika ziacheni hivyo hivyo.

Peter Palmer ni nani?

*Mbona kuna mahali Peter Parker anaitwa Peter Palmer? Ni ndugu yake? – Msomaji, Pangani*

Ni uchovu. Stan Lee aliandika vitabu vingi kwa wakati mmoja, na utaratibu wa Marvel, kampuni iliyochapa katuni hizi, ulikuwa kwamba mwandishi anatoa kisa kwa ufupi, mchoraji anachora kurasa zote, kisha mwandishi anarudi kujaza maneno kwenye viputo. Akirudi alishasahau jina. Hakuishia hapo: Bruce Banner, yule anayegeuka jitu liitwalo Hulk, aliwahi kuitwa Bob Banner. Wasomaji walipomshika, Lee alijibu kwamba jina lake kamili ni Robert Bruce Banner, na tangu hapo ndilo jina lake rasmi. Palmer hakubahatika hivyo.

Vidoti usoni

*Kwa nini uso wa mama mkubwa May una vidoti, na kwa nini rangi nyingine imetoka nje ya mstari? – Darasa la sita*

Kwa sababu mashine ilikuwa na wino wa aina nne tu: mweusi, samawati, waridi kali na njano. Mweusi ulichapa mistari ya Ditko. Kila mmoja wa ile mingine mitatu uliweza kuwekwa wote, nusu, robo, au usiwekwe kabisa. Robo na nusu huchapwa kwa vidoti, vidogo au vikubwa zaidi. Zidisha 4 kwa 4 kwa 4 upate rangi 64, basi. Ngozi ya Mzungu ni robo ya waridi na robo ya njano, ndivyo vidoti unavyoviona. Kila wino una bamba lake, na karatasi ikisogea kidogo kati ya bamba na bamba, midomo ya May inahamia shavuni.

Utaratibu huo ndio uliombadili Hulk. Mei 1962 alitoka wa kijivu, lakini kijivu kilichapwa hivi ukurasa huu na vingine ukurasa ule. Kufika toleo la 2 alikuwa kijani. Nguo ya Spider-Man nayo, katika kalamu ya Ditko, ilikuwa nyekundu na nyeusi inayong'aa kwa buluu. Buluu ikazidi kutanda toleo kwa toleo mpaka ikashinda.

Chombo cha John Jameson

*Ndugu zangu, kifaa kimoja kinadondoka, chombo cha anga kinapotea njia, na Spider-Man anakinasa kwa utando akiwa juu ya ndege. Kuna ukweli hata kidogo? – Mvuvi msomaji, Bagamoyo*

Kidogo kipo, na wewe uko mahali pazuri pa kuuliza. Mradi wa Mercury wa Marekani ulikuwa na kituo cha kufuatilia vyombo vyake hapo ng'ambo yako, Unguja, na mwanaanga John Glenn alizungumza nacho kwa redio tarehe 20 Februari 1962 alipoizunguka dunia mara 3. Kituo kilifungwa 1964. Lee na Ditko walikuwa wanachekesha kwa habari iliyokuwa mbichi magazetini.

Glenn mwenyewe alipata hitilafu kama ya John. Mwishoni mwa mzunguko wa kwanza mfumo wa kujiongoza ulianza kukipindisha chombo, naye akashika usukani kwa mkono. 

Kunasa kwa utando kunategemea wakati. Kikiwa kwenye mzunguko, chombo kinakwenda kilomita 28,000 kwa saa, na ndege ya kivita ya siku zile ilijitahidi elfu mbili na kitu. Hapo utando ungechukua mkono na kuiacha ndege. Lakini kikisharudi kwenye hewa nzito kinapungua mwendo mpaka chini ya mwendo wa sauti, na parachuti ndogo ya Mercury ilifunguka kwenye kimo cha mita 6,400 hivi, kubwa kwenye mita 3,000. Katika dakika hizo ndege inaweza kukisogelea, ingawa chombo kinashuka wima na ndege inakwenda mbele. Spider-Man ana nafasi ya kutupa mara moja tu.

Kwa nini hakuajiriwa?

*Fantastic Four walimkatalia nini? – Msomaji, Muheza*

Aliingia kwao bila hodi, akapigana na wenyeji wote wanne, kisha akaulizia mshahara mnono. Wakamwambia hawalipani, hela zote zinakwenda kwenye utafiti. Akaondoka kwa hasira. Hata cheti hakuacha.